Rika la Amri Athumani

Sisi wa Mbeya na Iringa tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 tumezoea kutajana kwa kazi. Huyu alipasua miamba ya reli ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, yule alikwenda vita ya Kagera, mwingine alifundisha elimu ya watu wazima kwa mwanga wa karabai. Wengi wametangulia, nasi tuliobaki tunashika mkongojo bila aibu, maana tunajua nguvu zetu zilikwenda wapi. Miongoni mwa wachapakazi hao naomba kumwingiza mtu ambaye si wa kwetu kwa asili: Amri Athumani wa Tanga, aliyezaliwa 1948, ambaye taifa zima lilimwita King Majuto. Alipanda jukwaani 1958 angali mtoto, akatunga na kuigiza vichekesho hadi maradhi yalipomlaza, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Miaka 60 katika kazi moja. Vijana wetu, upimeni muda huo kwa utulivu.

Enzi zetu kichekesho aghalabu hakikuandikwa. Mtunzi alikuwa na kisa kichwani. Wenzake wakaelezwa nani aingie lini na nani amkatize nani, na maneno yenyewe yakapatikana mbele ya watazamaji waliokwisha kulipa kiingilio. Vikundi vya sanaa vilichanganya ngoma, sarakasi, maigizo na vichekesho katika onyesho moja. Huku milimani tulivisikia zaidi kuliko kuviona, na tegemeo letu likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ikifika saa ya vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, betri zilizoanikwa juani mchana kutwa zilirudishwa redioni, watoto wakaketi chini, wazee wakavuta vigoda, na mgeni aliyebisha hodi akanyamazishwa kwa kidole. Wengi wetu tulikulia Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa, na Kiswahili tukakikuta shuleni. Kuujua mzaha wa Kiswahili, mahali neno linapobana na mahali linapoachia, tulifundishwa na sauti zile za redioni, na sidhani kama kuna mwalimu aliyetufundisha vizuri zaidi.

Wala kuchekesha hakukuwa kugeni kwetu. Mhehe na Mngoni, ambao mababu zao walipigana vikali katika karne ya 19, wamekuwa watani. Msibani mtani hutembea kama marehemu alivyotembea, hukohoa kama alivyokohoa, pengine huingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chake. Nimemwona mjane akicheka siku ya kumzika mumewe, machozi yangali mashavuni, na hapo nikajua kwamba atavuka. Katika miaka ya foleni za sukari na sabuni, sisi tuliolima mahindi yaliyolisha nchi tulikihitaji kicheko kama tulivyohitaji chumvi.

Filamu za Amri zilipoanza kutoka, zilitufikia kwa barabara kuu. Basi linapopandisha Kitonga taratibu nyuma ya malori ya Tunduma, kondakta anaweka King Majuto, na abiria ambao hawajasemezana tangu Ubungo wanaanza kugeukiana. Mimi nilimtazama kama mtu anavyomtazama fundi mwenzake. Anaulizwa swali, ananyamaza, anamkagua mwulizaji kuanzia miguuni, na basi zima limekwisha kucheka kabla hajafungua kinywa. Ukimya wa namna ile haupatikani kwa mwaka mmoja wala miwili.

Leo kijana anarekodi kichekesho kwa simu asubuhi pale Mwanjelwa, na kufika jioni kinatazamwa Muscat. Silidharau jambo hilo, maana mlango wa vichekesho umetufungukia na sisi. Zamani mtu wa bara mwenye lafudhi nzito ndiye aliyechekwa. Kisha likaja kundi la Ze Comedy pale EATV, baadaye TBC kwa jina la Orijino Komedi, na ndani yake tukayasikia majina ya kwetu: Mgaya, Mhavile, Chalamila. Hata Mujuni Silvery alijulikana kama Mpoki, jina la Kinyakyusa kabisa. Emmanuel Mgaya, ndiye Masanja Mkandamizaji, umaarufu haukumtenga na kilimo cha mpunga kule Mbarali, na kwa hilo namheshimu sana.

Lakini mwaka 2018, Amri akiwa mgonjwa na amekwisha kupelekwa India kutibiwa, nchi ilisikia malalamiko kuhusu mikataba ya matangazo ya biashara aliyoyafanya. Wizara iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wetu wa Kyela wakati huo, iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee wa miaka 70 anahesabiwa haki zake akiwa kitandani! Liliniuma. Katika rika letu kupeana mkono kulitosha, kwa kuwa aliyekupa mkono ulikujua kwao. Ninyi mnafanya kazi na watu msiowajua kwao. Kwa hiyo wanangu, msitie saini karatasi ambayo hamjasomewa mpaka mwisho na mtu anayeijua sheria. Na wazee wa vichekesho vya redio na jukwaa walio hai bado, waendeeni na daftari, muwaulize ni nani aliyetunga kisa gani, muyaandike majina hayo.