Moshi Upande wa Kulia Tu

Najua wengi wenu mmekuja hapa mkitarajia sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo naomba niwaeleze kitu ninachofanya usiku nikishazima tarakilishi: naunda ndege ndogo za kivita za plastiki, kisha nazichafua makusudi.

Ndiyo, nazichafua. Kwa wasioujua mchezo huu, unanunua boksi lenye vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu. Unavikata kwa kisu, unavipiga msasa, unavigundisha, unapaka rangi. Mimi hutumia kipimo cha 1/72, yaani sentimita moja kwenye mfano ni sentimita 72 kwenye ndege halisi. Ikishakauka, ndege inang'aa kama kichezeo cha mtoto. Uchafu ndio unaoifanya ifanane na mtambo ulioruka, ukanyeshewa na ukakanyagwa na mafundi.

Ya mwisho niliyounda ni Harvard. Ni ndege ya Kimarekani ya viti viwili iliyobuniwa kufundishia marubani. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 12.8 hivi, yangu haifiki sentimita 18. Niliichagua kwa sababu ilifanya kazi kwetu. Mwaka 1953, vita vya Mau Mau vikiendelea, jeshi la anga la Uingereza liliunda Kikosi 1340, likachukua Harvard na kuzifunga bunduki ya rashasha na mabomu madogo ya kilo 9 hivi chini ya mabawa. Kituo chao kilikuwa Mweiga, karibu na Nyeri, na kazi ilikuwa kushambulia msitu wa Aberdare na ule wa Mlima Kenya. (Kwa wapenda namba: injini yake inaitwa R-1340, kwa kuwa ujazo wake ni inchi za ujazo 1,340 hivi, kama lita 22. Kikosi 1340, injini 1340. Sadfa tu, lakini nilifurahi!)

Nyanya yangu alikulia upande huo. Mwaka 1953 alikuwa na umri wa miaka kumi hivi.

Mara ya kwanza niliichafua vile nilivyozoea. Kwanza vanishi ya kung'aa, ili kulinda rangi iliyo chini. Halafu rangi ya mafuta ya wachoraji, nyeusi iliyochanganywa na kahawia, nikaizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Ukigusisha brashi kwenye mstari unaotenganisha mabati mawili, rangi inakimbia yenyewe ndani ya mstari. Unaiacha ikauke kidogo, unafuta iliyozidi kwa pamba ya masikio. Baadaye nikachukua kipande cha sponji, nikagongagonga rangi ya fedha kila mahali ili bati lionekane limechubuka. Nikaongeza masizi pande zote mbili. Mwisho vanishi isiyong'aa. Ilikuwa kali! Ilionekana kama ndege iliyotoka vitani ikichechemea.

Wikendi moja nikaibeba kwenye boksi la viatu mpaka nyumbani. Mimi nimepewa jina la babu, kwa hiyo nyanya huniita mume wangu. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza.

"Mume wangu, haya matope umeyatoa wapi?"

"Si matope, cucu. Ni ya vita."

"Vita gani? Hizi zilikuwa safi. Zilikuwa zinaenda na kurudi. Wachafu tulikuwa sisi."

Halafu akaipindua, matumbo juu. Sasa niwaambie siri ya waunda ndege wengi: chini huwa hatuhangaiki sana. Ndege ikikaa kwenye rafu, nani ataona tumbo? Mimi nilipaka mkono mmoja wa rangi nikaacha. Hata mistari sikuijaza.

"Na hapa mbona hukumaliza?"

"Hapo hapaonekani, cucu."

Akaniangalia. "Sisi ndipo tulipopaona."

Aliirudisha kwenye boksi mwenyewe, akafunika, akaenda kuangalia chai. Hakusema zaidi siku hiyo, ila jambo moja: walikuwa wanaisikia kabla ya kuiona, na mama yake alikuwa akiwavuta chini ya miti ya kahawa kwa sauti tu. Hilo naweza kulieleza kiufundi. Propela ya Harvard imeunganishwa moja kwa moja na injini bila gia ya kuipunguza mwendo, hivyo rubani akiongeza moto ncha zake zinakaribia kasi ya sauti, na ndege inalia mlio mkali unaofika mbali. Nilimweleza. Akasema, "Haya."

Njiani kurudi Nairobi nilifikiria sana. Mchana, kazini, siwezi kuamini mtu anayeniambia seva imeanguka "kwa sababu ya mzigo." Namwambia alete logi. Kila mstari kwenye logi una kilichousababisha. Na uchafu wa ndege ni logi. Doa likiwepo, lazima kuwe na kitu kilicholitia. Mimi nilikuwa nimeandika logi ya uongo. Waliokuwa msituni hawakuwa na ndege hata moja, wala mizinga ya kutungulia ndege. Yale machubuko niliyagonga kwa sponji kwa sababu nimezoea kuona ndege za vita vingine, zilizopigana na ndege wenzao. Bila kukusudia nilikuwa nimeipa hii mateso ambayo haikuyapata.

Nikaanza upya. Nilivua rangi yote kwa spiriti na mswaki mkuukuu, kazi ya jioni mbili, nikavunja mlingoti wa antena na kuurudishia. Safari hii kabla ya kila doa nilijiuliza: nani amelitia?

Masizi: ekzosi ya Harvard inatokea upande mmoja tu, kulia. Basi moshi uko kulia, ukirudi nyuma juu ya bawa na ubavu. Kushoto hakuna.

Machubuko: karibu na mwili, rubani na fundi wanapokanyaga wakipanda. Lakini 1/72 haina huruma. Mkwaruzo wa milimita moja hapa ni wa sentimita 7 kwenye ndege. Sponji nikaiweka kando, nikatumia ncha ya penseli.

Vumbi: magurudumu yanalirusha juu, kwa hiyo linakaa chini ya mabawa na kwenye tumbo, si mgongoni. Nilikuwa nimebeba udongo mwekundu wa shambani kwa nyanya. Niliukausha, nikauchekecha kwa soksi, nikaunyunyiza. Ukawa kama kokoto! Punje ya nusu milimita ni jiwe la sentimita 3.6. Ikabidi nisage chaki za rangi juu ya msasa, nichanganye nyekundu, kahawia na kidogo ya njano mpaka zilingane na udongo ule, nizipake kwa brashi kavu.

Na tumbo nililimaliza. Lilichukua muda mrefu kuliko mgongo: mistari, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye injini na kuburutwa na upepo kwenda nyuma, vumbi, na yale mabomu chini ya mabawa, ambayo mwanzoni niliyaacha kwenye fremu kwa sababu yalinisumbua kugundisha.

Nilimpelekea tena mwezi uliopita. Aliipindua kwanza. Akaangalia kwa muda, kidole kikipita karibu na mabomu bila kuyagusa.

"Ndiyo hii," akasema. Kisha: "Usiiache hapa kwangu, mume wangu."

Nimerudi nayo. Sikuiweka kwenye rafu pamoja na zile nyingine. Nimeitundika kwa uzi wa kuvulia samaki juu ya meza yangu ya kazi, na nikiinua macho kutoka kwenye skrini ninaona tumbo lake, moshi ukiwa upande mmoja.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kama na wewe unaunda ndege, leo ipindue kwanza.