Kicheko cha mama kwenye mkanda wa harusi

Jamani, wiki mbili hizi nimepotea. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa napigana na deki.

Wadogo zangu labda hamjui deki ni mdudu gani. Ni mashine ya kuchezea mikanda ya VHS, ile mieusi minene kama kitabu. JVC ya Japani iliileta VHS sokoni mwaka 1976, na Funai, kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Zilizobaki ni hizi kuukuu tunazonyang'anyana kwa mafundi. Yangu niliipata Kariakoo, haina kifuniko, na fundi akaniapia kuwa inakula mkanda mara moja moja tu!

Mkanda wenyewe ni wa harusi ya mama mdogo, Tanga, mwaka 1997. Ndani yake yumo mama yangu. Mama alifariki 2001, mimi nikiwa na miaka minne. Picha zake ninazo, ila sauti yake siikumbuki kabisa. Sasa mnaelewa kwa nini sikulala.

Kwa wenye mikanda kabatini, niwape niliyojifunza. Kwanza, chungulia kwenye kidirisha cha mkanda. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu si ajabu kuikuta. Usiutumbukize kwenye deki, maana kuvu itachafua vichwa vya kusomea na kuhamia kwenye mikanda mingine. Mpelekee fundi ausafishe kwanza. Pili, unahitaji kifaa kidogo cha kunasia picha: upande mmoja waya wa njano kwa picha, mwekundu na mweupe kwa sauti, upande wa pili USB ya kompyuta. Tatu, hakuna njia ya mkato. Mkanda wa saa mbili unanaswa kwa saa mbili, nawe umekaa hapo unaulinda kama sufuria ya maziwa.

Nilinasa kwa muundo wa DV, ambao saa moja hula takriban GB 13. Kisha nikatumia HandBrake, programu ya bure, kuigeuza kuwa MP4, nikabaki na faili isiyofika GB 2. Jaribio la kwanza lilinitoa machozi. Kila aliyetikisa mkono alitoka na mistari kama meno ya kitana, na bibi harusi alikuwa amenenepa ghafla. Kumbe mikanda yetu ya mfumo wa PAL ina picha 25 kwa sekunde, na kila picha imegawanywa nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa. Lazima uiambie programu iziunganishe. Na umbo la picha ni 4 kwa 3, ukilivuta lijaze kioo cha leo kila mtu anakuwa bonge.

Basi jaribio la pili likakubali. Nikaweka spika za masikioni, nikaanza kuangalia. Maulidi, pilau, wajomba na suti zao za mabega mapana. Mama anapita nyuma, hasemi kitu. Saa nzima hasemi kitu!

Halafu picha ikahamia chumbani. Usiku wa wanawake. Ngoma, khanga zimefungwa kiunoni, viuno vinakatwa, na katikati yuko mama yangu. Mimi mchanga nimelala mapajani mwa bibi. Mtu akamtania mama, naye akacheka. Kicheko kirefu, kinapanda halafu kinakatika kama mtu aliyepaliwa. Nilirudisha nyuma sijui mara ngapi.

Baba alikuwa ameshaandika kwenye kundi la familia: "Ikiwa tayari itume tuione sote." Kundi lile lina watu zaidi ya sitini, wajomba, wakwe, binamu walioko Muscat. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Kitu kikanizuia, nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Enhe, umeuona mkanda?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Mpiga video wa chumbani alikuwa mwanamke, ndiyo maana tulimkubali. Wengine mle sasa ni mahajati, wengine wametangulia mbele ya haki. Nani atawaombea ruhusa?"

Mimi ni mwandishi wa habari. Kila siku nahubiri ridhaa: omba kabla hujapiga picha ya mtu. Lakini nilijiambia hawa walisharidhia, kamera walikuwa wanaiona. Ni kweli waliridhia. Waliridhia sebule moja, deki moja, mlango umefungwa. Mkanda ulikuwa na mipaka kwa sababu ya uzito wake tu, mtu ilibidi auazime mkononi mwa mtu. MP4 haiazimwi. Ukishaituma kwa watu sitini, huwezi kumfuata kila mmoja kumwambia airudishe.

Sehemu ya ukumbini nikaituma kwenye kundi. Ya chumbani nikaiweka kwenye flashi moja, nikampelekea mama mdogo Tanga, mkononi mwake. Nakala ninayo, na hainitoki.

Lakini baba je? Nikamuomba mama mdogo ruhusa moja tu, akanipa. Nikakata sekunde kumi na moja za sauti bila picha: ngoma, utani, kicheko. Nikamtumia baba peke yake, usiku.

Hakujibu. Asubuhi akanipigia, akaniuliza kama kuna namna ya kuifanya ijirudie yenyewe, maana amechoka kubonyeza.