Siku KITT Alipopondwa

Televisheni ya kwanza sokoni kwetu, upande wa Runyenjes, ililetwa na kahawa. Ukame ulikuwa umeunguza mashamba ya Brazil, mwaka 1986 bei ikapanda duniani kote, na wakulima wa Embu na Meru wakalipwa pesa ambazo wazee hadi leo huzihesabu kwa vitu walivyonunua: haya mabati ni ya mwaka ule, ule ukoo wa ng'ombe wa gredi ni wa mwaka ule. Mwenye hoteli ya pale sokoni alinunua Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, pamoja na betri ya gari ya kuiendesha, maana stima ilikuwa bado haijatufikia. Eriali aliifunga kwenye mwanzi mrefu nyuma ya jiko. Kila jioni kijana mmoja alitumwa kuuzungusha huo mwanzi, nasi ndani tukimpigia kelele: "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!"

Mwanzoni tuliangalia bure. Kisha, Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukiigawia kila nchi kiwango chake cha kuuza kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na mwenye hoteli akatangaza kwamba mtoto asiyenunua chai atalipa shilingi moja mlangoni. Shilingi yenyewe tuliipata kwa kuchuma kahawa ya majirani, kahawa ileile iliyokuwa haina bei. Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya wakati ule. Tulichokijua ni kwamba jioni ya Knight Rider huwezi kukosa shilingi.

Stesheni ilikuwa moja tu, ile ya VOK, ambayo mwaka huohuo wa 1989 iligeuzwa KBC. KTN ilipoanza mwaka 1990 ilikuwa ya watu wa Nairobi, sisi tuliisikia midomoni mwa wageni wa Krismasi. Basi wazee walikaa viti vya mbele kwa taarifa ya habari ya saa moja, wakamsikiliza Mtukufu Rais, wakaaga. Sisi tukasogea.

Kwa asiyeijua Knight Rider: Michael Knight, aliyeigizwa na David Hasselhoff, alikuwa na gari jeusi aina ya Pontiac Trans Am lililosema, lililofikiri, na lililoruka juu ya malori. Bodi lake halikupenywa na risasi. Jina lake KITT, kifupi cha Knight Industries Two Thousand, na hiyo elfu mbili ilitusumbua sana. Tulipiga mahesabu ya umri wetu utakapofika mwaka 2000, na kubishana kama lami itakuwa imefika hadi kanisani.

Kiingereza chao kilikuwa cha puani na cha haraka. Tulitafsiriwa na dada mmoja wa darasa la nane aliyekalia kreti ya soda kando ya televisheni, akigeuza maneno kuwa Kiembu. Alikuwa nyuma ya picha kwa hatua kadhaa, hivyo mzaha ulichekwa mara mbili: kwanza na waliojifanya wanaelewa, kisha na sisi wengine. DJ Afro, mtafsiri wa filamu, alikuwa bado hajajulikana. Sisi tulikuwa na wetu, na hakulipwa hata mandazi.

Marekani ilikuwa imeanza kuuona mchezo huo Septemba 1982, na mwaka 1986 ukawa umekwisha kabisa. Pale sokoni hakuna aliyejua. Tuliutazama kama mambo yanayotokea usiku uleule, na ndiyo sababu mwanzo wa msimu wa nne ulitukuta bila kinga. Sehemu hiyo Wamarekani waliiona tarehe 20 Septemba 1985. Kwetu ilifika miaka kadhaa baadaye, imekatwa vipande viwili, wiki moja katikati.

Wabaya walimpaka KITT kemikali iliyoua ugumu wa bodi lake. Kisha likatokea dude la vyuma, zito, lisilo na sura ya gari lolote tulilolijua, likamgonga. Likarudi nyuma. Likamgonga tena. Boneti ilikunjika mbele ya macho yetu, kile kitaa cha mbele kilichozoea kukimbia kushoto na kulia kikasita, na sauti ikaanza kukatika. Dada yetu aliacha kutafsiri. Mvulana mmoja akasimama juu ya benchi akiitukana televisheni matusi ya kuchungia ng'ombe, na wadogo wakaangua kilio.

Cucu, bibi aliyeuza ndizi nje, akaingia mbio, kanga imemdondoka begani. "Ni nani amekufa?"

"Ni gari, cucu."

"Gari la nani? Watu wangapi?"

Ilichukua muda kumweleza. Alipoelewa alituangalia mmoja mmoja, akasema wazazi wetu wataambiwa shilingi zao zinakoenda, akarudi kwenye ndizi zake.

Wiki iliyofuata soko zima lilikuwa na maoni. Aliyesikilizwa zaidi ni fundi aliyekuwa na gereji chini ya mti, mtu wa Land Rover na pikapu za Peugeot 404. Tulimzunguka tukamweleza pigo kwa pigo, naye akauliza maswali ya kitaalamu: limegongwa ubavuni au puani? Injini imesogea? Tairi za mbele zilibaki zikitazama wapi?

"Vijana, hapo chasisi imepinda," akasema. "Bodi nitalinyoosha, hata kioo nitatafuta. Lakini chasisi ikishapinda, gari litakwenda upande kama kaa hadi liuzwe vyuma vikuukuu."

Hata hivyo jioni ya kipande cha pili alikuwa mstari wa mbele, mikono bado ina grisi, na chai amelipia. Na alilipwa mapema. Alitokea kijana mweusi mwenye pikipiki, anayeitwa RC3, akijiunga na wale wanaomtengeneza KITT. Peter Parros ndiye aliyemwigiza. Fundi alipiga paja. "Mnaona? Mnaona nani ameitwa!" Sidhani kama kuna Mmarekani yeyote aliyempokea RC3 kwa shangwe kama ile.

Hapo ndipo betri ilipoanza kuisha. Waliotumia betri wanajua inavyokuwa: picha haizimiki ghafla, inasinyaa. Weusi ukaingia kutoka pembeni, watu wakabaki wadogo katikati ya kioo, kisha ikabaki nukta moja nyeupe. KITT alikuwa bado mezani, hajawashwa. Mwenye hoteli alidaiwa shilingi na watoto thelathini kwa pamoja, akazima taa ya mafuta tukatoka wenyewe.

Mwisho wa hadithi uliletwa na binamu yangu kutoka Meru. Mjomba alikuwa amepanga nyumba Makutano, yenye stima na televisheni ya rangi. Binamu alishuka kwa matatu Jumamosi, kijani usoni kwa kona za barabara ya Meru kuteremkia mto Thuci, na kabla hajapewa uji tulishamkalisha. Akatuambia kile kitaa kinachokimbia ni chekundu. Wengi tulikuwa tumeamini ni cheupe. Akasema KITT amefufuka, sasa akibonyezwa kitufe anafunguka ubavuni na kutoa mbawa, anakwenda kasi kuliko zamani. Tulikubali yote.

Kisha akasema paa linafunguka pia, mtu anaendesha kichwa kikiwa upeponi.

Fundi alikataa. Mbawa sawa, hao ni Wamarekani. Lakini gari lililojengwa na paa ukiliondolea paa linalegea, milango haifungi, na hakuna mhandisi wa kufanya upumbavu huo kwa gari la maana. Sote tukamwegemea fundi. Binamu akaitwa mwongo wa Makutano, akaweka dau la mandazi kumi, akapanda matatu kurudi shuleni kwao.

Wiki chache baadaye, betri ikiwa imejaa, Michael alibonyeza kitufe na paa likakunjika nyuma taratibu, mchana kweupe, barabarani. Watu walimgeukia fundi. Fundi aliangalia hadi mwisho, akamwita mwenye hoteli, akamwagiza amwekee mtoto wa Meru mandazi kumi hadi shule zifungwe.