Mtakatifu wa Karakana

Miongoni mwa watakatifu wanaoheshimiwa na Wakatoliki wa nchi yetu, Yosefu ndiye aliye karibu zaidi na karakana. Injili zinamtaja kuwa mtu mwadilifu, seremala, mlezi wa Yesu. Lakini hazikunukuu hata neno moja kutoka kinywani mwake. Alipoonywa ndotoni, aliondoka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Wahenga wetu walinena: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Mwaka 1870 Papa Pius IX alimtangaza kuwa msimamizi wa Kanisa lote. Sikukuu yake kuu huadhimishwa tarehe 19 Machi. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliongeza nyingine, ya Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, siku ambayo wafanyakazi huiadhimisha kuwa yao.

Sisi tunaomheshimu mtakatifu huyu tumeyazuru makanisa mawili ya pwani yenye jina lake. La kwanza liko Unguja, katika Mji Mkongwe, nalo lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa kati ya mwaka 1893 na 1898. Mtu akilitafuta vichochoroni, kuta za majumba humficha macho. Bali aliye baharini huiona minara yake mapema. Wenyeji wamelipa jina la Minara Miwili. Mnara ni neno lililozoeleka zaidi misikitini. Hivyo mji wa Waislamu ulilipokea jengo la wageni kwa lugha yake wenyewe. La pili liko Dar es Salaam, likiielekea bandari. Hilo lilijengwa zama za Wajerumani, kati ya mwaka 1897 na 1902, na hadi leo abiria wa boti za Unguja hupita mbele yake.

Wazuru wengi husifu minara na vioo vya rangi, wakauliza ni taifa gani lililojenga. Ni wachache wanaouliza nani alichanganya chokaa na nani alilipandisha jiwe juu. Swali hilo lina uzito kwetu. Wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwafundisha watumwa waliokombolewa kilimo, useremala na uashi. Kwa mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa, ufundi ulikuwa mali ya kwanza ambayo hakuna tajiri angeweza kumnyang'anya.

Hata hivyo, bado tunawasikia wazazi wakiutaja ufundi kama adhabu ya mtoto aliyeshindwa mtihani, na vijana wakiona haya kuonekana na msumeno. Yupo pia mtu anayewasha mshumaa mbele ya sanamu ya seremala, kisha akirudi nyumbani humzungusha seremala wa mtaani ujira wake wiki baada ya wiki. Ibada ya namna hiyo haina mizizi.

Basi, walimu na wanafunzi, wa dini yoyote, mnapoingia katika majengo haya, msiishie kutazama juu. Tazameni jinsi ubao ulivyoungana na ubao, na jiwe lilivyokaa juu ya jiwe. Hapo pana kazi ya watu ambao, kama Yosefu, hawakuacha maneno. Kumheshimu yeye ni kuwaheshimu wao, na kumlipa fundi haki yake kabla jasho lake halijakauka.