Bomba la Data Likipiga Simu Likute Mteja

Wasee, tuanze na neno lenyewe. Kile watu wa kompyuta wanaita pipeline, mimi naita bomba la data, maana nikimwambia mama nashinda nikitengeneza pipeline, anauliza nilihamia Embakasi lini. Bomba ni bomba tu. Kitu kinaingia huku, kinasafishwa katikati, kinatokea kule. Oda ya chakula inaingia kama mstari wa maandishi, inaoshwa, inaongezewa maelezo, halafu inatua kwenye hifadhidata ambayo bosi anaiangalia kwa dashibodi akinywa chai.

Leo nataka tuongee kuhusu hapo katikati, mahali ambapo bomba lako linasimama na kuuliza swali nje. Unajua hiyo hali. Una pini ya mteja, yaani latitudo na longitudo, lakini hujui ni mtaa gani. Kwa hivyo bomba linapigia simu huduma ya ramani huko duniani, linauliza "hapa ni wapi?", linangoja jibu, kisha kazi inaendelea. Sasa simu ni simu. Siku moja utapiga ukute mteja. Na mimi nasema hivi: kuamua bomba lifanye nini likikuta mteja si mambo ya mafundi peke yao. Hapo unaamua ni nani atapata hasara, na mara nyingi unamwamulia mtu ambaye hata hajui hilo bomba liko.

Chombo ninachokitumia ni Logstash. Kilianzishwa na Jordan Sissel mwaka 2009, na mpaka leo kinabeba logi na oda na kila aina ya takataka ya kidijitali duniani kote. Ndani yake kuna plagini ya kichujio inaitwa http. Kuiweka ni rahisi mpaka inatia wasiwasi: unaandika anwani ya huduma kwenye `url`, unataja jibu liwekwe wapi kwa `target_body`, basi. Mistari mitatu, minne hivi. Usipogusa kitu kingine, yote yaliyobaki inakuamulia yenyewe. Hayo iliyokuamulia ndiyo yalinikalisha macho wiki mbili.

Nilikuwa nimepewa kibarua na biashara moja ndogo ya kupeleka vyakula hapa Nairobi. Sitaitaja. Walitaka tu dashibodi iache kukwama jioni. Bomba lilikuwa limejengwa na jamaa mwingine aliyeshapata kazi mbele, akaacha faili la mipangilio bila hata mstari mmoja wa maelezo. (Hiyo ni tabia ya wengi wetu, tusijifanye.) Watu wa nduthi walikuwa wanalipwa kwa zoni: tripu ya mtaa wa karibu bei yake, ya mbali bei yake. Zoni ilikuwa inatoka kwa lile jibu la huduma ya ramani. Mwisho wa wiki programu nyingine ndogo ilijumlisha tripu zote zenye zoni, na hiyo jumla ndiyo mshahara.

Siku ya pili nikiwa nimekaa pale, jamaa mmoja wa boda akaingia ofisini, helmeti mkononi.

"Bosi, zile tripu zangu za Alhamisi usiku hazionekani. Nilibeba tano kwa mvua."

"Kaka, kama haziko kwa sistimu, hazikufanyika."

Hakubishana. Alionekana kama mtu ambaye ashawahi kujibiwa hivyo. Mimi nilikuwa na hiyo sistimu wazi mbele yangu, kwa hivyo nikatafuta Alhamisi.

Tripu zake zilikuwepo. Zote tano. Saa, pini, namba ya oda, kila kitu, isipokuwa zoni. Na kwenye kila moja kulikuwa na alama ndogo: `_httprequestfailure`. Hiyo ndiyo Logstash inafanya ikipiga simu ikakosa jibu zuri. Haisimamishi kazi wala kupiga kelele kwa mtu. Inabandika alama kwenye rekodi, inaandika sababu kwenye logi yake yenyewe, kisha inaruhusu rekodi iendelee na safari ikiwa na shimo katikati. Kusema ukweli naona huo ni uamuzi mzuri wa watengenezaji, maana bomba lote kufa kwa sababu ya swali moja ni ujinga. Lakini alama ni kama risiti. Kama hakuna anayezisoma, ni karatasi tu. Hapa hakuna aliyekuwa anasoma. Ile programu ya mishahara ilipokuta rekodi haina zoni, iliiruka.

Kwa nini Alhamisi? Nikafungua logi. Jibu lilikuwa 429, na maana yake ni kwamba umeuliza mara nyingi mno, tulia. Ofisi ilikuwa kwenye mpango wa bure wa ile huduma ya ramani, na mpango wa bure una kikomo. Sasa fikiria. Oda zinajaa lini? Mvua ikinyesha jioni, wakati hakuna mtu anataka kutoka nje. Nani anabeba hizo oda? Yule anayekubali kulowa. Kwa hivyo kikomo kilikuwa kinafikiwa saa ileile ambayo kazi ni ngumu zaidi, na tripu zilizopotea zilikuwa za wale wanaojituma zaidi. Aliyebaki nyumbani hakupoteza hata bob.

Hii ndiyo sehemu naomba mtu aielewe hata akisahau majina yote ya mipangilio. Watu wanaongea kuhusu simu zinazofeli kama ni bahati nasibu, ati asilimia fulani itapotea, ni sawa tu. Si bahati nasibu. Huduma ya nje huchoka wakati wewe pia umebanwa, na aliyekuwa kazini wakati huo ndiye anaumia.

Kuna mtego mwingine ambao hata alama haukupi. Plagini hii inahesabu simu imefaulu kama sava imejibu kwa namba kati ya 200 na 299. Lakini kuna huduma zinakujibu 200 kwa heshima zote, halafu ndani ya jibu zimeandika kwamba hazijapata kitu. Ni kama kupigia mtu, anashika, anasema "enhe", kisha kimya. Rekodi haina alama, zoni haina, na wewe unadhani mambo ni shwari. Kwa hivyo usiangalie alama peke yake. Angalia kama kile ulichokuwa unatafuta kipo kweli.

Na ile dashibodi iliyokuwa inakwama jioni? Chanzo ni hichohicho. Logstash huchukua rekodi kwa mafungu, na usipobadilisha kitu fungu moja ni rekodi 125. Wafanyakazi wake wa ndani ni wengi kama kori za sava yako, kwa hivyo sava ndogo ya kori 2 ina wafanyakazi 2 tu. Kila mfanyakazi anapitia fungu lake akiuliza swali moja, anangoja, anauliza lingine. Jibu likija kwa milisekunde 200, ambayo si mbaya, fungu zima linamaliza sekunde 25. Sasa huduma ikinyamaza kabisa. Kipimo cha kungoja data kwenye soketi ni sekunde 10 usipokigusa. Kumi mara 125 ni sekunde 1,250, zaidi ya dakika 20, mfanyakazi amesimama tu na simu sikioni. Foleni inarudi nyuma mpaka mlangoni. Nilishusha `socket_timeout` na `connect_timeout` ziwe sekunde 2. Kama ramani haijakujibu kwa sekunde 2, hata 10 haitakusaidia. Weka alama, songa.

Lakini dawa kubwa haikuwa hapo. Dawa ilikuwa kuuliza maswali machache.

Pini inayotoka kwa simu huja na tarakimu 6 baada ya nukta, na huo ni usahihi wa kama sentimita 11. Ya nini? Ofisi inataka tu kujua kama ni Umoja au ni Donholm. Nikikata zibaki tarakimu 3, napata kipande cha mita kama 110. Hapo mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Kwanza, ploti nzima inakuwa na pini moja, kwa hivyo swali nililouliza jana silirudii leo. Majibu yote ya zamani niliyaweka kwenye faili la CSV, nikatumia plagini ya translate, ambayo inasoma hilo faili kama kamusi na kulirudia kila sekunde 300. Mtaa ukiwa kwenye kamusi, hakuna simu inayopigwa. Ile http inaguswa tu na pini ngeni. (Walio na data nyingi kuniliko, kuna plagini ya memcached kwa kazi hiyohiyo. Na ndiyo, barabara ya mpakani itakusumbua kidogo. Vipande vya mpakani nilivipanga kwa mkono nikiwa na jamaa mmoja wa boda anayejua kila geti.)

Jambo la pili halina uhusiano na kasi. Ile pini ya tarakimu 6 ni mlango wa mtu. Ni dada anayeishi peke yake anaagiza chipo saa nne usiku, na wewe unatuma mlango wake kwa sava ya nchi nyingine mara tatu kwa wiki, bila yeye kujua. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ukusanye kinachohitajika tu kwa kazi uliyosema, na inaweka masharti kabla taarifa za mtu hazijatoka nje ya Kenya. Mahali ulipo ni moja ya vitu inavyotaja vinavyoweza kukutambulisha. Sijui kama kuna msee aliwahi kuandika faili la Logstash akiwaza sheria, lakini mstari wa `url` ndipo data inapovukia mpaka. Tarakimu zilizokatwa haziwezi kumwonyesha mtu mlango wa dada huyo.

Na hata huduma za bure zina adabu zake. Nominatim, ile ya OpenStreetMap, kwenye sava yake ya umma inaruhusu ombi 1 kwa sekunde na si zaidi, inataka programu yako ijitambulishe kwa jina lake, na inataka uhifadhi majibu badala ya kurudia maswali. Wengi wanaisoma hiyo kama kero. Mimi naiona kama jirani mwenye kisima: chota, lakini usilete tangi.

Mengine haraka. Ufunguo wa API usiandike ndani ya faili la mipangilio, maana hilo faili siku moja litapandishwa GitHub na mtu mwenye haraka. Logstash ina hifadhi yake ya siri, keystore, itumie. Na mpangilio wa `retry_non_idempotent` uko `false` kwa sababu nzuri sana. Ukiuwasha, ombi la POST lililokwama linaweza kutumwa tena, na kama hilo ombi lilikuwa la kutuma SMS au doo, mtu atapokea mara mbili. Mimi kwa maoni yangu pesa haifai kupita kwenye kichujio hiki hata kidogo. Tokeni ya Daraja, ile API ya M-Pesa, inaishi kama saa moja hivi, na hii plagini haijui kujiombea mpya. Pesa ijengewe programu yake inayokumbuka ilichofanya.

Kuhusu tripu zisizo na zoni, niliongeza sharti moja mwishoni: chochote chenye alama, au kisicho na zoni hata kama hakina alama, kinaenda kwenye faili lake pekee. Kila asubuhi hilo faili linapitishwa tena polepole, na kikibaki kitu, kinamfikia mhasibu kama orodha ya tripu zinazongoja bei. Ile programu ya mishahara siku hizi ikikuta shimo inasimama na kuuliza.

Yule jamaa alilipwa tano zake. Pini zilikuwa bado ziko kwenye rekodi za awali, kwa hivyo tulirudia za kila mtu za wiki sita, na zilizopotea hazikuwa zake peke yake. Za kabla ya hapo sava ilikuwa imeshazifuta ili kupata nafasi. Niliandikia ofisi nikapendekeza wawaulize wenyewe, maana watu wa nduthi wengi wanaandika tripu zao kwenye kidaftari. Waliniambia wataliangalia. Naandika hii mwezi wa tatu, bado wanaliangalia.