Auburn Avenue kwa Miguu

“Dada, kule watu hawatembei kwa miguu.”

Ndivyo alivyonijibu mdogo wangu nilipomwambia nataka kuuona mtaa aliozaliwa Martin Luther King. Mwenzangu alikuwa na miaka kumi na moja Atlanta. Anaishi Clarkston, nje kidogo ya jiji, kwenye wakimbizi wengi kiasi kwamba Kiswahili cha Kikongo unakisikia mpaka dukani. Muda wote huo Auburn Avenue aliipita ndani ya gari tu, tena milango kaifunga. Kisa? “Wamarekani weusi wa kule, si unawajua.” Siwajui, ndiyo maana nikang’ang’ania.

Basi Jumamosi moja ya Oktoba 2019 tukatoka watatu, na mwanawe wa miaka tisa, aliyezaliwa hukohuko. Mimi mama yake mkubwa nilivaa raba. Nawe ukienda, viatu vya kisigino viache ulikofikia, maana kutoka katikati ya mji mpaka nyumba ya King ni karibu kilomita mbili.

Tulianzia sokoni, Edgewood Avenue, kwenye jengo la matofali lililofunguliwa 1924. Enzi za ubaguzi Wazungu waliuzia ndani, weusi wakapanga bidhaa nje, kwenye ukingo wa barabara. Ukingo huo kwa Kiingereza ni curb, na soko mpaka leo linaitwa Curb Market. Mdogo wangu alinuna mpaka alipoona bamia, viazi vitamu na mikia ya ng’ombe. “Kumbe hawa nao wanakula bamia!” Nikanyamaza. Zilitoka wapi kama si kwetu Afrika?

Ukikata kona ukaingia Auburn, unakuta mtaa ambao jarida la Fortune mwaka 1956 liliuita mtaa tajiri kuliko yote ya watu weusi duniani. Si mchezo. Alonzo Herndon alizaliwa mtumwa mwaka 1858, akawa kinyozi, na 1905 akaanzisha kampuni ya bima, Atlanta Life. Redio ya kwanza Marekani kumilikiwa na mtu mweusi, WERD, ilianza kurusha matangazo yake ya kimiliki kipya mwaka 1949 kutoka mtaa huuhuu. Jirani tu kuna jengo la klabu ya Royal Peacock, walikopiga Ray Charles na James Brown.

Halafu unafika kwenye daraja.

Miaka ya 1950 na 1960 serikali ilipitisha barabara kuu katikati ya mtaa. Bomoabomoa tunaijua sisi, sihitaji kukueleza nyumba na biashara zikipigwa alama maana yake nini. Magari yanapita juu yakinguruma. Chini, siku ile, kulikuwa na watu wamelala kwenye maboksi. Hapo ndipo mdogo wangu anapofungia milango ya gari. Alinishika mkono kwa nguvu, nami nakiri, mkoba niliuhamishia kifuani.

Pembeni ya daraja kuna sanamu ya uso mkubwa wa John Wesley Dobbs, mzee aliyeupa mtaa jina la Sweet Auburn. Alikuwa na mabinti sita na wote wakahitimu chuo cha Spelman. Mjukuu wake, Maynard Jackson, akawa meya wa kwanza mweusi wa Atlanta. Nyuma sanamu iko wazi, unaingiza kichwa na kuutazama mtaa kupitia macho yake. Mtoto alikuwa anaruka afikie. Mzee mmoja aliyekaa karibu, koti limechakaa, akamwambia asogee, akamwonyesha pa kukanyaga. Kisha akatuuliza tumetoka wapi. Tanzania, nikasema. “Karibuni nyumbani,” akajibu. Hakuomba hata senti.

Nyumba aliyozaliwa King mwaka 1929 hatukuingia, nafasi za siku ile zilikuwa zimekwisha asubuhi. (Tangu hapo, Novemba 2023, ilifungwa kwa ukarabati, kwa hiyo ulizia kabla hujaenda.) Tukakaa zaidi katika kanisa la Ebenezer, sauti ya King ikisikika kwenye spika. Humohumo, Juni 30, 1974, mama yake, Alberta, alipigwa risasi akiwa anapiga kinanda ibadani. Mwanawe alishauawa miaka sita kabla. Mdogo wangu hakuwa analijua hilo. Alikaa kwenye benchi kimya, akikitazama kinanda.

“Mama,” mtoto akamnong’oneza, “zamani walikuwa wanatukataza kukaa mbele kwenye basi.”

“Walikukataza wewe lini?”

“Sisi. Watu weusi.”

“Wewe ni Mtanzania.”

“Mimi ni mweusi wa hapa,” akasema, kama anayetaja saizi ya kiatu. Mama yake akanigeukia nimsaidie. Ningesema nini? Polisi wa Atlanta akimsimamisha kijana barabarani, hamuulizi kwanza bibi yake anaishi mkoa gani.

Nje, makaburi ya King na Coretta yapo pamoja katikati ya bwawa la maji. Kwa sisi tunaoandika kila mwezi habari za mapenzi, pale pana mada. Mume aliuawa 1968 akiwa na miaka 39, akamwachia watoto wanne. Coretta hakuolewa tena mpaka alipofariki 2006, na kituo kinachotunza kazi za mumewe alikianzisha mwaka uleule wa msiba. Mimi nilisema ni upendo. Mdogo wangu akasema ni upweke wa miaka 37. Tukabishana mpaka tukaanza kurudi, na nikashtuka kuona tumelivuka daraja bila yeye kunishika mkono.

Yule mzee hakuwepo tena. Mtoto aliingiza kichwa kwenye sanamu mara ya pili, safari hii mama yake ndiye aliyemnyanyua.

Nyumbani, akipika ile bamia, bado alikuwa anasema “wao”. Mtoto, mdomo umejaa ugali, akawa anamsahihisha.