Subira ya Nje, Ghadhabu ya Ndani

Sisi tuliovuka miaka 40 twasifiwa uvumilivu. Twastahimili deni la dukani, karo, mzazi mgonjwa na mwili unaoanza kuchoka. Kisha twarudi nyumbani, na chai iliyopoa yatosha kuzusha ukali, watoto wakakimbilia chumbani.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa mwenye nguvu hasa ni anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika, wala si bingwa wa mieleka. Na Surat Al-Ahqaf, aya ya 15, yautaja umri wa miaka 40 pamoja na dua ya shukrani na ya kutengenezewa kizazi. Kizazi kinachotuogopa tutakitengenezaje?

Subira haimkatazi mtu kusema. Nabii Yaaqub aliahidi subira njema, naye alilia hata macho yake yakawa meupe, akamshitakia Mola huzuni yake. Basi mzigo ukituelemea, tuuseme mapema: kwenye sijida, kwa mke, kwa ndugu, kwa daktari.

Wala tusiwahubirie wake zetu subira ya kuvumilia kipigo. Hiyo ni dhulma, na dhulma ni haramu.